Ramu ya nazi: kweli au si kweli?

Imetengenezwa kwa nazi. Si kweli. Ramu ni ya muwa. Maji ya miwa yakishachemshwa na sukari kutolewa, hubaki uji mzito mweusi uitwao molasi. Kwa kawaida huo ndio huchachushwa kwa hamira na kukenekwa. Nazi huja mwisho kabisa: ladha yake hutiwa kwenye ramu nyeupe pamoja na sukari. Kileo cha mnazi wenyewe watu wa pwani tunakijua. Mgema hupanda asubuhi na jioni, hukata ncha ya ua la mnazi lililofumba bado, hutundika kibuyu, na utomvu huanza kuchacha humohumo bila kutiwa kitu. Hilo ni tembo. Watu wa Sri Lanka hulikeneka wakapata araki, na araki ndiyo pombe kali inayostahili kuitwa ya mnazi.

Ni kinywaji cha kale cha maharamia. Si kweli. Henry Morgan, Mwelisi aliyeiteka Panama mwaka 1671 na kufia Jamaica mwaka 1688, alikuwa mtu wa kweli. Lakini kampuni ya Seagram ilianza kuuza ramu kwa jina lake mwaka 1944, na ile yenye viungo iliingia madukani Marekani miaka ya 1980. Malibu, chapa ya ramu ya nazi inayotengenezwa kwa ramu ya Barbados, nayo ni ya miaka hiyohiyo, na jina lake ni la ufukwe wa California. Kuloweka mdalasini, karafuu na magome ya miti ndani ya ramu ni desturi halisi ya majumbani, hasa Saint Lucia. Maharamia wameongezwa na wauzaji.

Mnazi ni mti wa asili wa Karibi. Si kweli, na hapa ndipo watu wengi hushangaa. Columbus alipofika mwaka 1492, visiwa vile havikuwa na mnazi. Wareno, baada ya kuizunguka Afrika na kuivuka Bahari ya Hindi mwaka 1498, ndio waliobeba nazi kutoka huku hadi Cape Verde, na kutoka Cape Verde zikavuka Atlantiki katika karne ya 16. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa minazi ya Atlantiki ni ya ukoo mmoja na ya Bahari ya Hindi. Muwa nao ni mgeni: Columbus aliupeleka mwaka 1493.

Ramu ilizaliwa Karibi. Kweli kwa sehemu kubwa: Barbados ilikuwa ikiikeneka kufikia katikati ya karne ya 17. Ila waliokata miwa hiyo, waliolisha vinu usiku kucha na kuungua kwenye masufuria ya sukari walikuwa hasa Waafrika waliouzwa utumwani. Chupa yenye jina la Morgan inamchora nahodha wa meli, na hao haiwataji. Naona ni dhuluma.

Ni ramu kamili. Si kweli. Ulaya, ramu lazima iwe na kileo kisichopungua asilimia 37.5, na Malibu haifikii kiwango hicho. Kwa hiyo unaponunua, geuza chupa usome maandishi madogo ya nyuma: yatakwambia kiasi cha kileo na pengine nchi ilikotoka ramu yenyewe.