Filamu Inadaiwa Ukweli Kiasi Gani na Watu Inaowaonesha?

Na Mwandishi Wetu

Yapo maandishi madogo yanayopita haraka mwishoni mwa filamu nyingi, yakieleza kwamba wahusika ni wa kubuni na kwamba kufanana kwao na mtu yeyote, aliye hai au aliyefariki, ni sadfa tu. Ni watazamaji wachache wanaoyasoma. Kuenea kwake, hata hivyo, kulitokana na shauri la mahakamani, na shauri hilo linafaa kukumbukwa kila askari, muuguzi au mwalimu anapojiona kwenye skrini akashindwa kujitambua.

Mwaka 1932 kampuni ya MGM ya Marekani ilitoa filamu kuhusu Rasputin, mtu aliyejinasibu kwa uponyaji na kujipatia nguvu kubwa katika familia ya mfalme wa Urusi, hadi alipouawa mwaka 1916. Miongoni mwa waliohusika na mauaji hayo alikuwa Mwanamfalme Felix Yusupov. Filamu ilibadili majina, ikamwonesha binti wa kifalme aitwaye Natasha akivunjiwa heshima na Rasputin, ilhali mwanzoni kabisa iliwaarifu watazamaji kwamba baadhi ya wahusika walikuwa bado hai. Mke wa Yusupov, Irina, alikuwa hai na akifahamika. Alifungua shauri jijini London, na mwaka 1934 akashinda fidia ya pauni 25,000. Kubadili jina hakukuisaidia kampuni, kwa kuwa watazamaji walimtambua mlengwa.

Irina alikuwa na bahati ya kuwa hai. William Murdoch hakuwa nayo.

Murdoch, mzaliwa wa mji mdogo wa Dalbeattie nchini Scotland, alikuwa Ofisa wa Kwanza wa meli ya Titanic, na ndiye aliyekuwa zamu usiku ambao meli hiyo iligonga siwa barafu. Meli ilizama alfajiri ya tarehe 15 Aprili, 1912, na zaidi ya watu 1,500 walipoteza maisha, naye akiwa mmoja wao. Katika filamu ya mwaka 1997 iliyoongozwa na James Cameron, Murdoch anaoneshwa akitiwa fedha mfukoni na abiria tajiri, kisha akiwapiga risasi abiria na hatimaye kujiua. Ni kweli kwamba baadhi ya manusura walisimulia kuhusu ofisa aliyejipiga risasi, lakini masimulizi yao hayakukubaliana ni nani. Kwa upande mwingine, ofisa mwenzake aliyenusurika, Charles Lightoller, alieleza kuwa alimwona Murdoch akihangaika kushusha mashua hadi dakika za mwisho.

Wananchi wa Dalbeattie na ndugu wa marehemu walilalamika. Mwaka 1998 kiongozi mmoja wa kampuni ya Fox alifunga safari hadi mjini hapo, akaomba radhi na kutoa pauni 5,000 kwa ajili ya mfuko wa tuzo wa shule unaoenzi jina la Murdoch. Cameron mwenyewe, miaka mingi baadaye, alikiri kwamba alifikiri kama msimulizi, si kama mwanahistoria, na hakuzingatia kwamba mtu huyo alikuwa na jina na familia. Angelimwita tu “ofisa wa meli”, pengine pasingekuwa na mgogoro wowote. Lakini filamu ingali inaoneshwa hadi leo, na tukio lile limo.

Taaluma ni suala gumu zaidi, kwani haina jina moja la kulitetea. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha katika jarida la tiba la New England matokeo ya uchambuzi wa vipindi 97 vya televisheni, vikiwemo vya tamthilia ya ER. Walihesabu matukio 60 ya kumfufua mgonjwa ambaye moyo wake umesimama, na asilimia 75 ya wagonjwa hao walizinduka. Hospitalini hali haiko hivyo hata kidogo, wengi hawarejei. Familia iliyojifunza kwenye televisheni kwamba moyo huwashwa upya kama jenereta yaweza kuamini kuwa ndugu yao amefariki kwa uzembe, na hasira hiyo humwangukia muuguzi aliye zamu.

Filamu zetu nazo zina mazoea yake: mgonjwa hutundikiwa dripu bila kujali anaumwa nini, na daktari hutoka akivua miwani.

Hii haina maana kwamba kila taaluma ina haki ya kusifiwa. Askari anayepokea rushwa wapo, mwalimu mkatili yupo, na msanii akizuiwa kuwaonesha, jamii ndiyo inayopoteza. Jambo linalostahili kudaiwa ni kwamba kazi yenyewe ioneshwe inavyofanyika: hati ya upekuzi ni nini, sindano huchomwa wapi, nani ana mamlaka ya kutoa dhamana. Mtenda uovu katika hadithi huaminika zaidi pale mazingira yake yanapokuwa ya kweli.

Hapa nchini, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inamtaka mtayarishaji kuomba kibali kabla ya kurekodi, na filamu hukaguliwa na kupangiwa daraja na Bodi ya Filamu kabla ya kuoneshwa hadharani. Mkaguzi aweza kubaini kuwa tukio haliwafai watoto. Si rahisi abaini kosa la kitaalamu la dakika mbili katika chumba cha upasuaji. Kazi hiyo humwangukia mwandishi wa muswada, naye aweza kuimaliza kwa mazungumzo ya saa moja na muuguzi mstaafu wa mtaani kwake. Mazungumzo hayo hufaa zaidi hadithi ikiwa ingali kwenye karatasi, kwa sababu waigizaji wakishatawanyika, kurudia tukio moja ni gharama ambayo watayarishaji wengi wadogo hawaimudu.