Maktaba ya Python na Masharti ya Mashine

Mradi wa ramani ulioanza mwaka 2016 chini ya Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ulitumia ndege ndogo zisizo na rubani kupiga picha Unguja na Pemba, na picha hizo ni hazina kwa mtu wa Gando, kisiwani Pemba, anayetaka kupima eneo la mikoko au kuhesabu mapaa ya nyumba kwa kompyuta. Njia mojawapo ya kuzisoma kwa Python ni rasterio, ambayo ni maktaba, yaani programu zilizokwisha kuandikwa ili wengine wazitumie. Lakini hii si Python tupu, kwa kuwa imejengwa juu ya GDAL, maktaba nyingine iliyoandikwa kwa C++, lugha ambayo kompyuta haiwezi kuiendesha mpaka igeuzwe kuwa lugha ya mashine na programu iitwayo kompaila.

Hapo ndipo masharti yanapoanzia, kwa kuwa kilichogeuzwa kwa ajili ya Windows hakifanyi kazi katika Linux, wala cha biti 64 hakikubaliwi na Python ya biti 32. Watengenezaji, kwa hiyo, huandaa faili la kila aina ya mashine, liitwalo gurudumu, ambalo jina lake hutaja masharti yenyewe: lenye cp312 na win_amd64 hufaa Python 3.12 ndani ya Windows ya biti 64. Pip, programu ya kusakinisha, ikikosa gurudumu linalolingana, hupakua msimbo chanzo na kujaribu kuugeuza papo hapo, kazi inayodai kompaila pamoja na GDAL yenyewe. Kwa mwenye Windows, zana za kompaila za Microsoft pekee ni gigabaiti kadhaa, ilhali gurudumu ni makumi ya megabaiti tu, tofauti iliyo kubwa mno kwa anayetegemea bando la simu.

Si busara, basi, kukimbilia toleo jipya la Python, ambalo hutoka kila Oktoba, kwani magurudumu yake aghalabu huchelewa. La mwaka uliotangulia ni salama zaidi. Penye mtandao mzuri, tuseme Wete mjini, amri ya pip download rasterio hupakua gurudumu pamoja na maktaba linazozitegemea, NumPy ikiwemo, ili mradi kompyuta inayotumika iwe na mfumo endeshi, biti na toleo la Python sawa na ile ya nyumbani Gando. Faili hizo zikibebwa kwa flashi, husakinishwa Gando bila intaneti kwa amri ya pip install --no-index --find-links, ikifuatiwa na jina la folda na la maktaba.