Fahamu: Kwa nini picha za stereo zinahitaji kitazamio kizuri

Picha ya stereo ni nini?

Ni picha mbili za kitu kimoja, zilizopigwa kutoka sehemu mbili zilizoachana kidogo, kama yalivyoachana macho yetu: takriban milimita 65. Kila jicho likiona picha yake kupitia kitazamio, ubongo huziunganisha na kina kikajitokeza. Mwanasayansi Mwingereza Charles Wheatstone alilieleza jambo hili mwaka 1838.

Kitazamio kinabadilisha nini?

Karibu kila kitu. Chukua picha ya mwalo wa Rumonge, Burundi: mbele omo la mtumbwi, katikati ndagala walioanikwa, nyuma kabisa milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Lenzi za kitazamio zikiwa na urefu wa fokasi sawa na za kamera, omo hukujia hadi utake kulishika. Zikiwa na fokasi fupi mno, kina hubanwa. Ikiwa ndefu mno, hurefuka kupita uhalisia. Zikikaa upande, macho huuma, na wengi huilaumu picha bure.

Picha ya stereo ina historia huku kwetu?

Ndiyo, kupitia wapelelezi kutoka Ulaya. Mwaka 1858 Speke na Burton walisafiri ziwani humu kutoka Ujiji hadi Uvira. Mwaka 1860 James Grant, mwenzake Speke katika safari iliyofuata, alipiga picha za stereo Zanzibar. Ukitazama picha moja tu ya kila jozi, kina chote hupotea.

Lazima kiwe cha ghali?

Hapana. Hata cha karatasi ngumu kinatosha, mradi lenzi ziwe safi na zilingane na macho yako.