Je, Wajua? Mzizi mmoja wa Kilatini hufungua maneno mengi ya Kiingereza

Zaidi ya nusu ya msamiati wa Kiingereza asili yake ni Kilatini, ama moja kwa moja au kupitia Kifaransa, lugha iliyotawala Uingereza baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066. Ndiyo maana anayejua mizizi michache ya Kilatini huweza kukisia maana ya maneno ambayo hajawahi kukutana nayo.

Mfano mzuri ni kitenzi *portare*, yaani kubeba. Mzizi wake ni *port*. Ukitanguliwa na *ex-*, yenye maana ya nje, hupatikana *export*: kuuza bidhaa nchi za nje. Ukitanguliwa na *im-*, yaani ndani, huwa *import*, kuingiza bidhaa nchini. *Trans-* ni kuvuka hadi upande wa pili, hivyo *transport* ni kusafirisha. Kiambishi tamati *-able* huonyesha uwezekano, kwa hiyo redio iitwayo *portable* ni ile inayobebeka. Hata *report*, iliyokipa Kiswahili neno ripoti, kiasili ni kurudisha habari, kwani *re-* ni kurudi nyuma.

Mwanafunzi mwenye haraka hana budi kujihadhari. *Port* yenye maana ya bandari hutokana na *portus*, neno jingine la Kilatini, na *portrait*, picha ya mtu, imetoka kwenye *protrahere*, kuvuta mbele. Kamusi nyingi kubwa za Kiingereza huonyesha asili ya neno pamoja na maana yake, na huko ndiko pa kuhakikisha kila kisio.