Mwiba kwanza, kiraka baadaye: ziba pancha ya baiskeli yako mwenyewe

Umezoea kunisikia nikiongelea vitunguu saumu, ngano na kuku. Leo tuongee baiskeli, na usicheke. Huku kwetu Mbulu na Hanang baiskeli ni chombo cha kilimo kama jembe. Ndiyo inayopeleka mahindi mashineni, maziwa kwa mnunuzi na mzigo mnadani. Ikipata pancha, kazi yote inasimama.

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe.

Miaka ile, kabla sijapata pikipiki, nilikuwa nazungukia vijiji kwa Phoenix. Siku moja nilipanga kuchanja kuku dhidi ya kideri kwenye kitongoji kimoja upande wa kutelemkia Bonde la Yaeda. Chanjo ile ya tone la jichoni inataka umkute kuku bandani. Akishafunguliwa, nani atamkimbiza? Nikawaambia wenyeji: "Saa kumi na mbili na nusu nitakuwa hapa, msifungue kuku."

Nikiwa njiani, gurudumu la nyuma likaisha upepo. Pampu ninayo, kiraka sina, na hata ningekuwa nacho nisingejua kukitumia, maana nilizoea fundi. Nikajaza upepo, nikaenda kidogo, ukaisha tena. Basi nikasukuma. Nilifika saa nne, kuku wameshatawanyika na wenyewe wako shambani. Mama mmoja akaniambia taratibu: "Tulikusubiri mwanangu. Kuku walikuwa na njaa, tukafungua."

Tukapanga siku nyingine, wiki mbili mbele. Kabla haijafika, kideri kikapita. Yule mama alikuwa na kuku kumi na tisa, wakabaki watatu. Madaftari na sare za wajukuu wake alikuwa anazitegemea humo humo. Hakunilaumu, ila mimi nilijua.

Nikaamua kujifunza kuziba mwenyewe. Nikaziba, kesho yake pancha. Nikaziba tena, pancha tena, sehemu ile ile. Mzee mmoja akaniangalia, akapitisha kidole ndani ya tairi, akatoa ncha ya mwiba wa mgunga. Akasema: "Bwana shamba, si wewe unayetuambia tutafute chanzo kabla ya kupulizia dawa?" Nikakosa jibu.

Basi hayo ndiyo ya leo: mwiba kwanza, kiraka baadaye.

Vya kuwa navyo

Gundi ya pancha, kipande cha msasa, viraka, pampu, kalamu, kitambaa na vijiko viwili vya chuma. Kiraka unaweza kukata kwenye tyubu kuukuu. Kikate duara, maana kiraka cha pembe huanza kubanduka kwenye zile pembe.

Kuziba hatua kwa hatua

1. Anza na valvu. Jaza upepo, kisha paka mate mdomoni mwa valvu. Likitoka povu, huenda huna pancha kabisa. Baiskeli zetu nyingi zina valvu yenye kipira chembamba ndani, kikichakaa kinavujisha. Badilisha hicho tu.

2. Pindua baiskeli, toa upepo wote. Huna haja ya kuchomoa gurudumu. Nyanyua ukingo mmoja wa tairi kwa mikia ya vijiko, vuta tyubu nje. Usitumie bisibisi, utaongeza tundu la pili.

3. Jaza tyubu upepo, izamishe kidogo kidogo kwenye beseni la maji. Panapotoka mapovu, weka alama kwa kalamu. Usiishie hapo, zungusha tyubu yote. Mbigili haziji peke yake, hasa ukipita kwenye masalia ya ngano upande wa Basotu wakati wa kiangazi.

4. Sasa tafuta mwiba. Ilaze tyubu juu ya gurudumu kama ilivyokuwa ndani, alama yako itakuonyesha sehemu ya kuangalia kwenye tairi. Halafu pitisha kitambaa ndani ya tairi yote. Kitakapokwama ndipo penye mwiba. Utoe kwa koleo. Ukikatikia ndani, usukume utokee upande wa pili. Usipofanya hatua hii, hizo nyingine ni kazi bure.

5. Kausha tyubu. Kwaruza kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka mpaka ule ung'aavu uishe. Kama kiraka ni cha tyubu kuukuu, kikwaruze nacho. Futa vumbi.

6. Paka gundi nyembamba kwenye tyubu, na kwenye hicho kiraka cha kukata pia. Halafu subiri. Hapa wengi tunakosea, tunabandika gundi ikiwa mbichi. Ngoja kama dakika tano, mpaka ukiigusa kwa kidole haivutiki. Bandika, kandamiza kwa nguvu kuanzia katikati kwenda pembeni.

7. Paka poda kidogo juu ya kiraka kisigande kwenye tairi. Rudisha tyubu, valvu ikae wima. Rudisha tairi kwa vidole, umalizie kwenye valvu. Jaza upepo kidogo, zungusha uone tyubu haijabanwa na ukingo, ndipo ujaze kabisa.

Tairi ikichanika au kuisha

Tairi iliyochanika kidogo usiitupe. Ishone kwa uzi wa nailoni na sindano ya viatu, kisha weka kwa ndani kipande cha tairi kuukuu kilichokatwa waya na kupunguzwa unene kwenye kingo, ili kisiikwaruze tyubu. Kushona tairi si umaskini. Hata baadhi ya baiskeli za mashindano huko duniani zina tairi iliyoshonwa kuzunguka tyubu na kugandishwa kwenye rimu kwa gundi.

Lakini tairi ya kushona iweke nyuma, na upunguze mzigo. Usiiweke mbele. Mbulu ni milima, na tairi ya mbele ikipasuka kwenye mteremko unaanguka wewe na mzigo wako. Na ukiona waya wa ukingo umekatika, au nyuzi zimetokeza pande zote, hapo ukubali tu. Nunua nyingine.

Ukikwama porini bila kiraka, unaweza kujaza tairi majani makavu, uyakandamize, urudi nayo nyumbani taratibu. Usipande na mzigo, rimu itapinda.

Neno la mwisho

Wafugaji mtafurahia hili. Tairi ya upepo ya baiskeli iliyokuja kuenea duniani ilitengenezwa na daktari wa mifugo. John Boyd Dunlop alikuwa akitibu wanyama mjini Belfast, Ireland, akaitengeneza kwa ajili ya kibaiskeli cha mwanawe, akapata hataza mwaka 1888. Kwa hiyo bwana mifugo kuhangaika na tyubu hakukuanza na mimi.

Yule mama bado ana kuku. Nilirudi kwake, tukaanza upya na hao watatu, na chanjo tunarudia kila baada ya miezi mitatu. Siku hizi nina pikipiki, nayo inapata pancha vilevile. Mkoba wangu wa chanjo una mfuko wa pembeni, humo kuna msasa, gundi na viraka sita.

Jioni hii, kabla hujaegesha baiskeli, pitisha mkono juu ya tairi zote mbili. Mbigili ulioutoa leo hautakusimamisha kesho alfajiri ukiwa na maziwa kwenye keria.

Tuonane shambani.