Kamasi zisizokwisha kwa mtoto

NDUGU msomaji, bila shaka unamfahamu mtoto ambaye kila ukimwona ana kamasi. Mama yake atakwambia, "Ni mafua tu," na wiki zinapita. Mafua ya kawaida huletwa na virusi, na mara nyingi huanza kupungua kabla ya siku 10. Yakivuka hapo bila nafuu yoyote, au mtoto akipata nafuu kisha homa ikarudi, huenda bakteria wameingia kwenye sainasi, yaani mapango ya hewa yaliyomo ndani ya mifupa ya uso.

Wanaohusika zaidi ni watatu: Streptococcus pneumoniae, Haemophilus influenzae na Moraxella catarrhalis. Hawa huishi puani mwa watoto wengi wenye afya njema bila kuwadhuru. Mafua yanapovimbisha pua, vijitundu vya sainasi huziba, kamasi hutuama, nao huzaliana humo. Tatizo likizidi wiki 12 huitwa sugu, na hapo huweza kuonekana pia Staphylococcus aureus. Bakteria wengine hujijengea utando wa ute ambao dawa huupenya kwa shida. Maficho yao mengine ni nyama za puani. Mtoto anayekoroma na kulala mdomo wazi achunguzwe.

Wazazi wengi wakiona kamasi za kijani hukimbilia duka la dawa kununua amoksilini. Rangi hiyo peke yake si ushahidi wa bakteria, kwani hata mafua ya virusi huileta. Aidha, Moraxella karibu wote na baadhi ya Haemophilus wana uwezo wa kuivunja amoksilini, ndiyo maana daktari wakati mwingine huandika dawa nyingine. Akishaandika, mtoto amalize dozi hata kama amechangamka.

Kamasi zenye harufu mbaya zikitoka tundu moja tu, huenda ameingiza shanga au punje ya haragwe. Usichokoe, mpeleke hospitali.

Kupandisha maji puani wakati wa udhu husafisha pua kwa mbele, lakini hayafiki ndani ya sainasi, hivyo si badala ya matibabu. Maji ya chumvi ya kusafishia pua yachemshwe kwanza, kisha yapoe. Moshi nao humzidishia mtoto: wa sigara, wa kuni, na (mama wa nyumba mtanisamehe) hata wa ubani.

Jicho likivimba, kichwa kikiuma sana, akitapika au shingo ikikakamaa, usingoje kesho. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.