Taa ya Ukutani ni Mali ya Mtaa Mzima

Ukiingia Mwanza kwa kivuko cha Kamanga baada ya jua kuzama, unaviona vilima vya Igogo na Bugando vimewaka, nyumba juu ya nyumba na mwamba juu ya mwamba. Wageni husimama ukingoni na kupiga picha. Sisi tunaoishi huko juu tunajua kwamba mwanga ule ni wa madirishani tu. Nje, kwenye ngazi za mawe na vichochoro vya kupita mtu mmoja mmoja, ni giza totoro.

Mimi ni fundi umeme na Igogo ndiko ninakoishi. Nimefanya wayaringi katika nyumba nyingi za vilimani, na kila mwenye nyumba anapoona fedha zimepungua, kitu cha kwanza anachokikata ni taa ya nje. "Hiyo tutaweka baadaye, fundi." Simlaumu. Taa ya sebuleni inamwangazia yeye na wanawe, ilhali ya nje inamwangazia kila apitaye na bili inabaki kwake peke yake. Ndiyo maana naamini, na nimeamini kwa muda mrefu, kwamba mwenye nyumba anayefunga taa ya nje anastahili kushikwa mkono na fedha za umma.

Nguzo haipandi mwamba

Kazi imefanyika, na lazima tuseme hivyo. Mradi wa kuendeleza miji ya kimkakati, TSCP, ulioanza mwaka 2010 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliijumuisha Mwanza pamoja na Arusha, Dodoma, Kigoma, Mbeya, Mtwara na Tanga, na ulileta barabara, mitaro na taa. Baadaye TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, ukachukua jukumu la barabara za mijini na vijijini. Ukipita barabara kuu usiku leo, unaona unakokanyaga.

Lakini nguzo ya taa ya barabarani inahitaji barabara. Inahitaji lori la kuileta, na baadaye gari lenye ngazi la kubadilishia taa iliyoungua. Huku kwetu mfuko wa saruji hupanda kichwani na tofali hupanda begani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.1 katika wilaya za Nyamagana na Ilemela, na maelfu yao wamejenga vilimani, mahali ambapo gari halitafika hata miaka ishirini ijayo. Kilichokwisha kufika huko ni waya wa shirika la umeme, TANESCO, unaoingia nyumba nyingi. Mwanga wa kichochoro utatoka kwenye kuta za nyumba hizo, la sivyo hautakuwepo.

Na usiku wetu ni mrefu. Tuko chini ya nyuzi tatu kutoka Ikweta, kwa hiyo giza letu ni la saa kumi na mbili hivi, mwaka mzima. Ndani ya saa hizo wamo wauguzi wa hospitali ya Bugando wanaobadilishana zamu, mama ntilie anayewahi kuwasha jiko, mwanafunzi anayetoka kujisomea, na mpangaji anayetoka chumbani kwenda choo cha nje.

Yumo pia jirani yangu, mama mchuuzi wa dagaa. Saa kumi alfajiri anashuka ngazi ili awahi gari la soko la Mwaloni, Kirumba. Siku nilipokwenda kumfungia taa, alinishikia ngazi huku akiniambia, "Mwanangu, mwizi namwogopa, lakini hata asiye mwizi namwogopa vilevile, maana uso wake siuoni. Mtu akinisalimia gizani, naitika huku moyo unadunda."

Nilitaka kuiweka taa juu ya mlango, kama wengi wanavyofanya. Akakataa. "Hapo nitajiangazia mwenyewe. Weka pale konani." Konani ngazi zinakata kushoto, na jiwe moja limelegea, watoto wa shule wameshajikwaa hapo. Nikavuta waya ndani ya bomba la plastiki kufuata ukuta, nikaitundika taa juu kidogo ya mahali ambapo mkono wa mtu mrefu unafika, nikaielekeza chini. Bulbu ni ya LED, wati 9, yenye mwanga wa njano kidogo, kwa kuwa nyeupe kali huwavuta mno wadudu wa ziwani. Tangu hapo nyumba nne zinazopakana naye zinapita kwa mwanga wake.

Hesabu ya LUKU

Tuingie kwenye fedha, kwa sababu hapo ndipo mabishano yanapoanzia. Bulbu ya wati 9 ikiwaka saa 12 kila usiku inakula uniti 3.2 hivi kwa mwezi. Mteja wa nyumbani aliye katika kundi la matumizi madogo, yule asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, hununua uniti kupitia LUKU, mita ya malipo ya kabla, kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Vyote vikijumlishwa, taa hiyo inamgharimu kama shilingi 400 kwa mwezi. Aliye katika kundi la kawaida, la shilingi 292 kwa uniti, atalipa kama 1,150. Bulbu ya kizamani ya wati 60 ingekula uniti zaidi ya 21 kwa kazi ileile. Atakayefunga hiyo nje leo anachoma fedha.

Ugumu mkubwa uko kwenye nyumba za kupanga. Chukua nyumba ya vyumba vinane yenye mita moja. Kwa matumizi yao ya pamoja, wapangaji wanavuka uniti 75 na kuangukia bei ya juu. Wanachangishana LUKU, na ikifika taa ya nje kila mmoja anasema yeye haitumii. Mwenye nyumba anaishi kwingine. Nimeikuta bulbu iliyochomolewa kabisa kwenye holda na kufungiwa kabatini ili isile uniti, ingawa mgawo wa kila mpangaji usingefika hata shilingi 150 kwa mwezi. Kinachoizima taa hiyo ni kukosa mwenyewe.

Wenzetu walipopitia

Nairobi walijaribu njia ya milingoti mirefu. Kampuni ya Adopt-A-Light, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Esther Passaris, ilirudisha taa barabarani kwa fedha za matangazo, kisha ikasimamisha milingoti ya taa kali kwenye mitaa ya mabanda. Wakazi waliiita mulika mwizi, na iliwasaidia wafanyabiashara wadogo kuuza hadi usiku. Udhaifu wa mlingoti ni kwamba ukizima, eneo zima linazima. Tena kwenye vilima kama vyetu mwamba mmoja unatosha kutupa kivuli juu ya nyumba kumi.

New York walipima. Mwaka 2016 jiji lilipeleka minara ya taa katika baadhi ya makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, kisha watafiti wakalinganisha na makazi yasiyopewa. Uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ulipungua kwa takriban asilimia 36. Huko Khayelitsha, Cape Town, watafiti walikwenda karibu zaidi na hali yetu: walifunga mamia ya taa za sola kwenye kuta za nyumba za watu, mahali ambapo nguzo haiwezi kusimama.

Chicago nao, mwaka 2022, walianzisha mpango wa kuwarudishia wenye nyumba na wenye biashara gharama za taa za nje, hadi dola 100 kwa taa, taa mbili kwa kila jengo. Somo kubwa ninaloliona humo ni hili: kurudishiwa fedha kunamfaa aliyekuwa nazo tangu mwanzo. Wenyewe waliliona, wakaweka utaratibu wa kuwafungia watu wa kipato cha chini bila kuwataka watangulize senti. Sisi tukianza, tuanze na hao.

Fedha zitoke wapi

Hatuhitaji kusubiri mfadhili. Kila halmashauri nchini inatakiwa na sheria kutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Kikundi cha vijana mafundi, wakiwa na mmoja mwenye leseni ya EWURA wa kusimamia kazi, wanaweza kuiomba kwa ajili ya kufunga na kutunza taa za nje za mtaa mmoja, wakalipwa kidogokidogo na kaya. Taa ya umeme yenye waya, bomba, swichi na ufundi, kwa kazi za kawaida ninazozifanya, ni kati ya shilingi elfu ishirini na elfu arobaini.

Njia ya pili iko kwenye LUKU yenyewe. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa humo, na kwa nyumba ya kawaida sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Kwa mteja wa matumizi madogo, taa ya nje inakula kama shilingi 4,800 kwa mwaka. Napendekeza hivi: nyumba yenye taa ya nje inayowaka, na mwenyekiti wa mtaa akathibitisha, isamehewe kodi hiyo kwa miezi minne ya kila mwaka. Msamaha wa kodi hutolewa kwa sheria, kwa hiyo wa kulibeba jambo hili hadi Dodoma ni wabunge wetu.

Na kuchangia wenyewe si jambo geni kwetu, hasa ulinzi. Usukumani na Unyamwezini ndiko sungusungu, walinzi wa jadi, walikozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi, na polisi jamii ilipoenezwa nchini kuanzia mwaka 2006 kaya nyingi zilikuwa zimeshazoea kuchangia walinzi wa usiku. Mlinzi tunayemlipa anastahili kuona anachokilinda. Hata mialoni, kule Igombe na Kayenze, mitumbwi, injini na nyavu hulala ufukweni, na kiboko hupanda nchi kavu usiku kula majani. Taa chache za sola kwenye mabanda zinamwonyesha mvuvi kama kinachosogea ni mtu, mnyama au mtumbwi wake unaondoka bila yeye.

Kabla hujanunua

Kwa sola, usiamini wati zilizoandikwa kwenye boksi. Taa ndogo ya kiganjani iliyoandikwa wati 300 haina hata sehemu ya kumi ya hizo. Uliza kama betri inabadilishika, kwa kuwa ndiyo hufa kwanza. Paneli isikae chini ya mwembe wala nyuma ya jiwe, na uipanguse vumbi. Kwenye ngazi epuka ile inayowaka ghafla mtu akipita. Macho yanapigwa na mwanga wakati mguu uko hewani. Na taa yoyote ielekee chini, kwenye njia, isimmulike apitaye usoni wala dirisha la jirani.

Mkutano wa mtaa ujao, ombeni taa za nje ziwe ajenda. Nendeni na orodha ya kona zenye giza na nyumba iliyo karibu na kila kona, mkianza na zile za wajane, wazee na wapangaji wasio na mwenye nyumba karibu. Mwiteni afisa maendeleo ya jamii aeleze masharti ya mkopo palepale, mbele ya vijana wenye ufundi. Kisha diwani aulizwe, kwa jina la kila kona iliyoandikwa, ataisemeaje kwenye bajeti ya halmashauri.